Doti moja iliyolowa

Nyuma ya patografu, ile karatasi ya kufuatilia leba, kuna sehemu ya muhtasari wa kujifungua. Unajaza saa mtoto alipotoka, uzito wake, kondo la nyuma limetoka saa ngapi, limekamilika au la, sindano ya oksitosini, ya kukaza mfuko wa uzazi, imechomwa lini. Halafu kuna kamstari kafupi ka kujaza damu iliyopotea, kwa mililita. Usiku mmoja wa mwezi wa nne mwaka 2008 niliandika pale 300.

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Yule mama alikuja na mimba ya tano, akitembea mwenyewe, amebeba beseni lake na khanga zake. Alijifungua kabla sijamaliza kuvaa aproni vizuri. Mtoto wa kiume, kilo 3.4, akalia pale pale. Kondo likatoka. Nikamkanda tumbo, nikahisi mfuko wa uzazi umekaza kama inavyotakiwa, nikamsafisha, nikamwekea khanga kavu, nikajaza karatasi. Kitanda cha pili kulikuwa na binti wa uzazi wa kwanza anasukuma. Zamu ile tulikuwa wawili, mimi na mhudumu mmoja.

Niliporudi zilikuwa zimepita kama dakika arobaini. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Nesi, nasikia baridi." Nikamwongezea shuka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilimwongezea shuka. Nilipokuja kulifunua, khanga ilikuwa imelowa yote, na ya chini yake imelowa, na pale mpira wa kitandani ulipochanika damu ilikuwa imeingia kwenye godoro, na iliyobaki ikadondokea chini upande wa ukutani nisikokuona. Nikapiga kelele. Dripu, sindano, kukanda, gari. Gari lilipatikana, ila hospitali ilikuwa mbali, na alifariki njiani. Mama mkwe wake alikuwa amemshika mtoto.

Kwenye kikao cha kujadili kifo, daktari aliyetoka wilayani aliishika ile patografu akaisoma, akaniangalia. Hakuwa mkali. Aliuliza tu, "Sista, mia tatu haziui mtu. Zilikuwa ngapi?" Sikuweza kumjibu. Sikuwa nimedanganya. Mia tatu ndizo macho yangu yaliniambia nilipoondoka pale kitandani, na baada ya hapo sikuwa na kitu kingine chochote cha kuniambia.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi bila kuliandika. Ninaliandika sasa kwa sababu mdogo wangu ana mimba, ya kwanza, na majuzi aliniuliza kwenye simu: "Dada, nikishajifungua, damu ya kawaida ni ipi na ya hatari ni ipi?" Nikaona swali hilo halikupaswa kunikuta bila jibu la kumpa mtu wa kawaida, asiye nesi, mwenye macho yake tu na khanga zake.

Nianze na bibi yetu. Alikuwa mkunga wa jadi kijijini kwetu, Kasulu. Mimi nikiwa mtoto nilitumwa kumletea maji ya moto na nyembe, kisha nafukuzwa nje. Lakini ukutani kwa miti na udongo sauti zinapita. Baada ya mtoto kulia, bibi alikuwa na tabia ya kuuliza wanawake waliomo ndani: "Ya ngapi hiyo?" Wanajibu, "Ya kwanza." Baadaye tena, "Ya ngapi?" Siku moja wakamjibu, "Ya pili, nayo imelowa," na nikamsikia bibi akiita wanaume kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, waje na machela, sasa hivi, si kesho. Nilidhani wanahesabu vikombe vya maji. Walikuwa wanahesabu khanga.

Nilipokuwa chuo cha uuguzi tulifundishwa kwamba hao bibi zetu hawajui kitu. Miaka mingi baadaye nikakutana na utafiti uliofanyika Kigoma, mkoa wetu huo huo, uliochapishwa mwaka 2005. Mmoja wa waliouandika ni Dk. Godfrey Mbaruku. Walipima wakaona kwamba khanga mbili za saizi ya kawaida zikilowa chapa chapa, mama ameshapoteza zaidi ya nusu lita. Wakunga wa jadi wakafundishwa kuitumia hiyo kama kipimo: ya pili ikilowa, mpe mama vidonge vya misoprostoli, navyo ni vya kukaza mfuko wa uzazi. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Khanga huuzwa mbili mbili, kila mwanamke wa nchi hii anajua. Doti moja. Kipimo kilikuwa kwenye sanduku la kila nyumba.

Naomba nikae kidogo kwa Dk. Mbaruku, kwa sababu vijana wengi wa kada yetu hawamjui. Alifanya kazi hospitali ya mkoa Kigoma miaka ya themanini, wakati hata sabuni ilikuwa shida. Kati ya mwaka 1984 na 1991 yeye na wenzake walibadilisha mambo 22 pale hospitalini, mengi kwa kutumia kile kile kilichokuwepo, na vifo vya akina mama vikashuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Aliyaandika mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström, daktari wa uzazi kutoka Uswidi. Mimi nilizaliwa mkoa ule, katika miaka ile ile. Mara nyingine nawaza ni wanawake wangapi wa umri wa mama yangu wanatembea leo kwa sababu ya mambo hayo 22, wala hawana habari.

Sasa turudi kwenye macho. Miaka kadhaa baada ya 2008 nilihudhuria mafunzo kazini. Mkufunzi alipanga meza sita. Kwenye kila meza kuna kitu kimelowa maji mekundu yaliyochanganywa rangi na wanga yawe mazito: pedi, shuka, beseni, khanga, kidishi chenye mabonge, na nyingine maji yamemwagwa tu sakafuni. Kila mtu apite aandike ni mililita ngapi. Tulikuwa wakunga na matabibu, wengine wana miaka ishirini kazini. Kwenye shuka mimi niliandika 350. Zilikuwa 900. Dada mmoja mzoefu kuliko sisi wote aliandika 400. Ni wawili tu waliokaribia, na wote wawili walikiri wamebahatisha.

Nilitoka nje nikalia. Mkufunzi alinifuata akidhani nimepokea simu ya msiba. Nilikuwa nimeupokea kweli, ila umechelewa miaka.

Ngoja nieleze kwa nini macho yanashindwa, maana si uzembe. Damu ya uzazi haitoki peke yake, inachanganyika na maji ya uzazi na mkojo. Nyingine inanywewa na nguo, na nguo iliyolowa nusu na iliyolowa yote kwa taa hafifu zinafanana. Nyingine inaganda. Nyingine inabaki ndani ya mfuko wa uzazi, unaiona ukikanda tu. Na kuna lile jambo kubwa zaidi, kwamba mjamzito ana damu nyingi kuliko alivyokuwa kabla ya mimba, karibu nusu zaidi. Mungu amemwekea akiba. Lakini akiba hiyo inaficha. Mama kijana mwenye afya anaweza kupoteza lita nzima huku presha yake bado inasoma vizuri na anakujibu maswali. Ikija kushuka, inaanguka. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi kwa dakika moja ni kama nusu lita au zaidi. Kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe, inajinyonga na kubana mishipa. Isipobana, hesabu mwenyewe una dakika ngapi.

Kwa hiyo ukingoja presha ikwambie, umechelewa. Ukingoja macho, umechelewa. Kinachobaki ni kupima.

Mwezi wa tano mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa E-MOTIVE. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa akina mama 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Uliongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani na wataalamu wa nchi hizo nne. Jambo walilofanya ukilisimulia kwa mtu anaweza kusema, "Hilo tu?" Mtoto akishatoka, unaingiza chini ya makalio ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko mwembamba unaoning'inia mwisho wa kitanda. Damu inashukia humo, na mfuko una mistari. Mstari wa mililita 300 unakwambia angalia: mapigo ya moyo yakoje, presha ikoje, damu inatiririkaje, mfuko wa uzazi umelegea? Kama kuna dalili mbaya, anza. Mstari wa 500 hauulizi kitu, anza. Na kila dakika kumi na tano katika saa ya kwanza unarudi kwake, unaangalia.

Kuanza kwenyewe ndiko kulikonigusa. Zamani tulifundishwa ngazi kwa ngazi. Kanda tumbo, subiri. Haikusaidia, ongeza oksitosini, subiri. Haikusaidia, muite daktari. Kila "subiri" ni glasi ya damu. Wao wakasema vyote vifanyike kwa pamoja ndani ya dakika chache: kukanda, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, asidi ya traneksamiki, dripu, kuchunguza kama pana mchaniko au kipande cha kondo kimebaki, na kuita msaada.

Matokeo: kwenye hospitali zilizofanya hivyo, akina mama waliovuja damu nyingi sana, au kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo, au kufa kwa kuvuja, walikuwa asilimia 1.6. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 4.3.

Lakini namba niliyoisoma mara tatu ni nyingine. Kwenye utaratibu wa kawaida, wale waliovuja damu kupita kiasi waligunduliwa kwa asilimia 51.1 tu. Wenye mistari waligundua asilimia 93.1. Hospitali za kawaida nazo ziliwekewa ule mfuko, ila hauna mistari, na damu ikapimwa baadaye kwa mizani. Maana yake karibu nusu ya wanawake waliokuwa wanavuja, damu yao ilikuwa inaning'inia mbele ya wakunga, ndani ya mfuko, na mkunga akaandika ya kawaida. Wakunga waliosoma. Wanaopenda kazi yao. Kama mimi.

Sisemi hivi kujitakasa. Yule mama alikufa mikononi mwangu na shuka niliyomwongezea ilikuwa yangu. Ila nimesikia mno, kwenye daladala, misibani, redioni, kwamba manesi wanaua wazazi kwa makusudi, na nimewaona wenzangu wazuri wakiacha leba wakahamia kliniki ya macho kwa sababu hawawezi tena kubeba. Ukimpa mtu kazi ya kukadiria kitu ambacho binadamu hawezi kukikadiria kwa macho, halafu ukamhukumu kwa kukosea, hujamsaidia mama hata mmoja. Mpe mstari kwenye plastiki.

Kuna dawa moja kwenye orodha ile niliyoitaja, asidi ya traneksamiki. Inazuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Historia yake naipenda mno. Ilitengenezwa Japani na mama mmoja aitwaye Utako Okamoto pamoja na mume wake Shosuke, wakachapisha habari zake mwaka 1962. Baada ya vita vikuu maabara yao haikuwa na fedha; walichagua kuchunguza damu kwa sababu ikipungua wangetumia ya kwao wenyewe. Hakukuwa na mahali pa kumwacha mtoto, hivyo alifanya kazi maabarani huku binti yake akiwa mgongoni. Mgongoni, kama sisi na mbeleko zetu. Tangu mwanzo alitaka dawa hiyo ijaribiwe kwa akina mama wanaovuja damu baada ya kuzaa, akawaomba madaktari wa uzazi huko Kobe, hawakumsikiliza. Ikatumika kwenye meno na upasuaji. Jaribio kubwa lilikuja kufanyika baadaye kabisa: akina mama 20,060 kutoka nchi 21, matokeo yakatoka mwaka 2017. Ikapunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue, na kila dakika 15 za kuchelewa zikapunguza faida yake kwa kama asilimia kumi. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, 2016, akiwa na miaka 98.

Mimi nikiivunja ile chupa ndogo huwa namkumbuka. Gramu moja, taratibu, kwa dakika kumi.

Mifuko yenye mistari ilifika hospitali ninayofanya kazi sasa, huku kanda ya ziwa, ikiwa katoni chache. Wiki ya kwanza tuliitumia vibaya. Mwenzangu mmoja aliiweka kabla mtoto hajatoka, maji ya uzazi yakajaa humo na mstari wa 500 ukapitwa, tukakimbizana bure. Tukajifunza. Sasa inaingia baada ya mtoto.

Nitasimulia zamu moja tu. Mama wa uzazi wa pili, mwalimu, amejifungua salama saa kumi alfajiri. Anaongea, anauliza mtoto ana kilo ngapi. Kwa macho yangu ya 2008 ningeandika 200 nikaenda. Dakika ya kumi na tano mfuko ukasoma kama 250. Nikamwambia mwanafunzi wa ukunga asiondoke pale. Dakika ya ishirini na kitu akaniita, "Sista, imepita mia tatu." Mapigo 112. Presha nzuri kabisa. Nikakanda, mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Nikasema kwa sauti, "Anavuja, tuanze," na lile neno "tuanze" lilifanya watu watatu watembee kwa wakati mmoja bila kuulizana. Mmoja dripu, mmoja dawa, mimi mkono tumboni. Nikamchunguza, mlango wa uzazi mzima, kondo limekamilika. Katheta, mkojo ukatoka mwingi sana, na baada ya mkojo kutoka mfuko ukaanza kukaza. Nikausikia unakuwa mgumu chini ya kiganja.

Yeye mwenyewe alituangalia akasema, "Mbona mnanikimbilia, mimi sijambo?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, hujambo. Tunataka ubaki hivyo hivyo."

Baada ya saa moja tuliutoa mfuko tukauweka kwenye mizani ya watoto, tukatoa uzito wa plastiki. Gramu moja ya damu tunaihesabu kama mililita moja. Nikachukua patografu. Ukizipekua zile za zamani utakuta 200, 250, 300, 200, 150, 300, ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba wanawake wote wa wilaya wamekubaliana. Nikaandika 640.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga, walitoa mwongozo mpya, na ile 300 yenye dalili mbaya imeingia humo. Zamani kitabu kilisema 500 ndiyo hatari, mwisho. Nimefurahi. Lakini mwongozo hauingii kwenye stoo kwa miguu yake. Kwetu ile katoni ya mwisho ilipoisha tulikaa wiki sita tukirudia macho, na oksitosini nayo inataka ubaridi, kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ni ule tunaoujua. Katika wiki zile sita tulifanya hivi: tukapima uzito wa shuka zetu kavu tukaandika ukutani, kila iliyolowa ikaenda kwenye mizani. Na tukarudi kwa bibi. Mama yeyote aliyekuja na khanga zake, tulizihesabu. Sikuona aibu kuwafundisha wanafunzi wa stashahada kuhesabu khanga.

Taarifa za taifa zinaonyesha vifo vya akina mama vimeshuka hadi 104 kwa vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kaya wa mwaka 2022, kutoka 556 katika ule wa 2015-16. Ninaamini tumepiga hatua, naiona zamuni kwangu. Kuna namba 115 ya kuita usafiri wa dharura bure, na dereva wa kawaida wa mtaani analipwa kumfikisha mama pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Mwaka 2008 ningekuwa nayo! Ila 104 hao nao, kila mmoja ana mama mkwe aliyeshika mtoto koridoni.

Sasa mdogo wangu, jibu lako ni hili, na yeyote mwingine anayesoma alichukue.

Kwanza, swali la damu linaanza kabla ya leba. Kuna utafiti mwingine uliofanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani, matokeo mwaka 2023, kwa akina mama 15,068 ambao wote walikuwa na upungufu wa damu wa kati au mkali. Walitaka kujua kama ile dawa ya mama Okamoto ikitolewa mapema, kabla mtu hajavuja, itazuia. Haikuzuia. Lakini walijifunza jambo zito: wekundu wa damu, yaani himoglobini ile unayopimwa kliniki, ukiwa chini, hatari ya kuvuja inapanda, na hata damu kidogo ambayo mwingine angeistahimili inaweza kumuua mama huyo. Mstari wa 500 si sawa kwa wote. Kwa mwenye wekundu 12 ni onyo. Kwa mwenye 6 inaweza kuwa ndiyo yote aliyokuwa nayo ya kupoteza. Kwa hiyo vile vidonge vyekundu vya kliniki unavyovificha chini ya godoro kwa sababu vinakupa kichefuchefu, vimeze. Meza usiku, baada ya kula, na si pamoja na chai. Udongo uache. Najua unaula, nilikuona sokoni ukinunua.

Pili, usikubali kuambiwa na mtu yeyote, hata na shangazi, kwamba ile ni damu chafu na lazima itoke yote ndiyo usafike. Hakuna damu chafu. Ni yako, ndiyo iliyokuwa inamlisha mtoto.

Tatu, ukishajifungua, hata kama nesi ameshaondoka, tia mkono mwenyewe chini ya kitovu. Panapaswa kuwa pagumu, kama nazi. Pakiwa laini, ita. Pedi ikijaa ndani ya dakika chache, ita. Ukisikia baridi, kiu kali, kizunguzungu, masikio kuvuma, au roho kutotulia bila sababu, ita kwa sauti kubwa, usione haya. Usikubali kuongezewa shuka kabla mtu hajafunua na kuangalia. Hiyo nakuomba kama dada yako.

Na uende na khanga safi doti mbili, za saizi moja. Umwambie mama aziangalie. Ya pili ikilowa, asimame aseme: "Zimelowa mbili." Hakuna mkunga wa kweli atakayemkasirikia kwa maneno hayo mawili.

Nilimsomea haya yote kwenye simu jana usiku, kabla sijayaweka hapa. Akanyamaza kidogo. Akasema wekundu wake wiki iliyopita ulikuwa 9.8.

Nikamwambia kesho aende tena kliniki, aulize kuhusu kipimo cha minyoo na malaria, na vidonge avimeze mbele ya mama. Akaitikia. Kisha akauliza yule mtoto wa kiume wa mwaka 2008 yuko wapi.

Yupo. Ana miaka kumi na saba, namwona sokoni anamsaidia bibi yake kuuza dagaa. Huwa ananiamkia, "Shikamoo mama," na mimi huitikia marahaba, nanunua mafungu mawili.